Barua kwa Hamisi Kuhusu Pikipiki ya Kilo 260

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Hamisi,

Bibi yako mguu umepungua kuvimba, na Rukia amejifungua salama mtoto wa kike. Mengine utayasikia ukija. Kilichonifanya nishike kalamu ni habari iliyonifikia kwa vinywa viwili tofauti: kwamba umelipa arbuni ya BMW R1200GS Adventure iliyotumika, inayoletwa kutoka Afrika Kusini, kwamba salio utalimaliza kwa mkopo wa SACCOS, kwamba kiwanja cha Pongwe ndicho kitakachowekwa rehani, na kwamba mwezi wa saba utaondoka nayo peke yako, Dar mpaka Nairobi, Marsabit, Ziwa Turkana, kisha Moyale. Kama kuna uongo humo, nitafurahi kuambiwa. Kama yote ni kweli, basi soma barua hii mpaka mwisho kabla hujatoa shilingi nyingine.

Safari sikukatazi. Mtu mwenye afya, kazi na hamu ya kuiona dunia ana haki ya kuiona, na barabara ya Moyale, iliyokuwa ikiogopwa na madereva wa malori, sasa ni lami tupu kutoka Nairobi hadi mpakani. Ninachokipinga ni chombo. Najua baba zako wadogo watasema mwanamke ana habari gani na pikipiki. Wao walizoea kusema hivyo hata siku walizokuwa wakinijia kuuliza beringi ya namba gani inaingia wapi. Miaka 31 ya kushika daftari la stoo ya vipuri hainifanyi mwendeshaji, lakini inanifundisha jambo moja ambalo mwuzaji wa pikipiki hatakwambia: mashine ya safari ndefu hupimwa kwa uzito wake inapokuwa imelala chini, na kwa umbali uliopo kati ya mahali ilipoharibikia na mtu anayeweza kuitengeneza.

Anza na uzito. Hiyo Adventure ya kuanzia 2014, tangi lake la lita 30 likijaa, ni kilo 260. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo hesabu mifuko mitano na ziada. Bado hujafunga masanduku matatu, hema, maji, zana na mpira wa akiba, na ukifunga hivyo vyote umeshavuka kilo 300. Kiti chake kiko sentimita 89 kutoka ardhini kikishushwa chini kabisa, na wewe kwa kimo umetuchukua sisi. Ukisimama kwenye mteremko wa changarawe utakuwa unagusa kwa ncha za vidole. Watu wa BMW watakujibu kwamba mitungi ya injini yake imelala ubavuni, uzito uko chini, na ikitembea unaisahau. Ni kweli, nami siwabishii. Lakini hesabu hiyo ni ya pikipiki inayotembea. Pikipiki ikilala kwenye mchanga, na wewe uko peke yako jua la saa saba, hakuna uhandisi unaokupunguzia hata kilo moja. Utaiinua mara ya kwanza kwa nguvu na mara ya pili kwa hasira. Mara ya tatu ndipo mgongo unapokatika, na kule unakotaka kwenda mara ya tatu huja siku hiyo hiyo.

Utasema njia ni lami. Ni lami mpaka Marsabit na mpaka Moyale, lakini umetaja Turkana. Kutoka Laisamis kwenda upande wa Loiyangalani kuna barabara ya changarawe ya kilomita zipatazo 200, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Ukitaka kupita jangwa la Chalbi, pale ni chumvi na vumbi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha ni tope lisilo na mwisho. Na usisahau kwa nini mitambo ile 365 ya upepo ilisimikwa upande wa Loiyangalani na si kwingine. Upepo wa kusini-mashariki unavuma bondeni mle karibu mwaka mzima, kwa nguvu ya kutosha kuzalisha megawati 310. Ndio upepo huo huo utakaokupiga ubavuni ukiwa juu ya masanduku mapana kama kabati.

Hapa ndipo hoja yako yenye nguvu kuliko zote inapokaa, na sitaki kuikwepa. Utasema pikipiki nzito hustahimili upepo, na nyepesi hupeperushwa. Kwenye barabara kuu iliyonyooka, kwa mwendo wa kilomita 110, uzito husaidia. Ndiyo maana Wamarekani wanaokata majimbo matatu kwa siku moja hupenda Honda Gold Wing, injini ya cc 1833 na uzito unaozidi kilo 360, na kwa barabara zao sina neno. Lakini upepo hausukumi uzito, unasukuma ubapa. Kioo kirefu, masanduku mawili ya bati na la tatu nyuma ni tanga zima umelitundika. Mtu mwenye pikipiki ya kilo 150, mifuko laini iliyobanwa karibu na kiti, anayekwenda 70 na kuinamisha mwili, hapigwi kama unavyodhani. Na akishindwa, anasimama, anashuka, anaisukuma kwa miguu.

Sasa nije kwenye vipuri, maana hapo ndipo ninapokosa usingizi. Unaijua safari ya waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman ya 2004. Ndiyo iliyowatia vijana wengi wazimu wa GS, na sidhani kama wewe umesalimika. Walitoka London katikati ya Aprili wakafika New York mwishoni mwa Julai, wakipitia Ulaya, Kazakhstan, Mongolia, Siberia na Alaska, kilomita zaidi ya 30,000. Pikipiki zilikuwa tatu, zote R1150GS Adventure mpya. Ya tatu ilikuwa ya mpiga picha wao, Claudio von Planta. Watu wanakumbuka vumbi na milima. Mimi ninachokikumbuka ni fremu ya Claudio. Ilikatika kwa kubeba mzigo kwenye barabara mbovu, ikachomelewa na mafundi wa huko huko kwa mashine waliyokuwa nayo. Chuma kiliunganika, kazi nzuri tu. Tatizo likawa breki za kielektroniki, ambazo hakuna fundi wa kule aliyeweza kuziamsha. Pikipiki ghali, mpya, ya kampuni iliyokuwa nyuma yao, ikapakiwa kwenye gari kama mgonjwa na kupelekwa Ulaanbaatar. Claudio akanunuliwa pikipiki ya Kirusi, IZh Planeta 5, injini ya silinda moja cc 346 inayopozwa kwa hewa, ya mtindo wa zamani kabisa, na ndiyo iliyombeba kwenye matope ya Mongolia wakati wenzake wakihangaika kuziinua zao.

Angalia kisa hicho kwa jicho la mtunza stoo. Fundi hakushindwa na kitu kizito, alishindwa na kitu asichoweza kukiona. Chuma kikikatika, Marsabit kuna mtu wa kuchomelea. Waya wa klachi ukikatika, mwenye bodaboda atakupa wake. Lakini sensa ikifa, inataka kompyuta ya kuiuliza ina nini, na kompyuta hiyo iko Nairobi, na sensa yenyewe pengine iko nje ya nchi. Tairi ya nyuma ya hiyo GS ni 170/60 ya rimu 17; nenda Isiolo ukaiulize uone utakavyotazamwa. Bajaj Boxer, TVS, hata zile Yamaha DT za mabwana shamba, vifaa vyake vimening'inia kwenye vibanda kuanzia Segera mpaka Moyale, kwa sababu kuna watu maelfu wanaokula kwa mashine hizo na haziwezi kulala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuipenda pikipiki, andika vitu kumi vinavyoharibika mara nyingi, kisha kwa kila kimoja andika mji ulio karibu nawe unaokiuza. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, daftari lenyewe litakushauri kunishinda mimi.

Utanijibu kwamba GS zimezunguka dunia nzima, tena nyingi. Ni kweli. Tazama tu zimezungukaje. Akina McGregor walikuwa na magari ya msaada na watu wa kupiga simu kwa niaba yao. Wazungu wengi unaowaona Namanga wana bima ya kuwabeba wao na pikipiki mpaka kwao. Wewe nyuma yako kuna mshahara wa mwisho wa mwezi na mkopo wa SACCOS. Halafu kumbuka jina hilo la GS lilijengwa na mashine ya namna gani. R80G/S ya 1980 ilikuwa na cc 797 na nguvu za farasi 50, nyepesi sana ukiilinganisha na hii ya leo, na Hubert Auriol alishinda Paris-Dakar ya 1981 kwa mashine ya ukoo huo. Ted Simon, aliyetoka London Oktoba 1973 na kurudi baada ya miaka minne na zaidi ya kilomita 100,000, akipita Sudan, Ethiopia, Kenya na hapa kwetu, alikuwa na Triumph ya cc 500. Iliharibika mara nyingi, lakini ilikuwa mashine ambayo mtu angeweza kuifungua. Alirudia safari hiyo mwaka 2001, umri ukikaribia 70, akavunjika mguu huku huku Kenya. Sisemi pikipiki ndiyo iliyomvunja. Nasema hata mzoefu wa dunia nzima huanguka, kwa hiyo mpango wowote unaotegemea kutoanguka si mpango.

Kwenye breki za ABS nakubaliana nawe, nisije nikaonekana mzee anayechukia kila kipya. Umoja wa Ulaya umezilazimisha kwa miundo mipya ya pikipiki zinazozidi cc 125 tangu 2016, na haukufanya hivyo kwa mapambo. Gurudumu lisilojifunga kwenye lami yenye maji humrudisha mtu nyumbani. Lakini ABS siku hizi imo hata kwenye pikipiki ndogo. Royal Enfield Himalayan ile ya cc 411 inayo, kwa kilo 199 na kiti cha sentimita 80, na mipira yake ina tyubu ambayo fundi pancha yeyote anaiziba. Honda CRF300 Rally ni nyepesi zaidi ya hiyo, kilo 153 tu, na kwa tangi lake la lita 12.8, hata ukihesabu kilomita 28 kwa lita, unavuka kilomita 350, na Marsabit mpaka Moyale ni kama 250. Hiyo tofauti ya zaidi ya kilo 100 kati yake na GS ndiyo kiuno chako. Nguvu za farasi 125 za hiyo GS utazitumia wapi, wakati kila kijiji kinakutaka uende 50 na matuta yanakungoja kila penye shule?

Wamenong'ona pia kwamba unataka nafasi ya Zainabu nyuma. Mkienda wawili, pikipiki kubwa ina hoja. Basi ngoja siku mtakayokwenda wawili, kwa njia ya lami, na pesa iwe yako.

Ndipo narudi kwenye pesa. Kile kiwanja cha Pongwe baba yako alikipata kwa sababu mimi, dada yake, sikudai fungu langu katika ile ardhi. Sikulisema hilo alipokuwa hai, na sikulitaja siku ya matanga. Leo nalitaja mara moja, halafu nalinyamazia. Mkopo wa pikipiki iliyotumika ni mkopo wa kitu kinachopungua thamani kila ukikiwasha, na rehani yake ni kitu kinachopanda kila mwaka. Unaniambia utaiuza ukirudi? Atakayeinunua ni nani, ikiwa wewe mwenyewe ulilazimika kuiagiza Afrika Kusini?

Mengine ni machache. Usiendeshe usiku, hasa kaskazini ambako ngamia hulala kwenye lami kwa sababu ina joto. Vaa buti zinazopita kifundo na helmeti ya uso mzima, hata kama ni kwenda dukani. Kadi ya pikipiki iwe na jina lako mwenyewe kabla ya Namanga, na bima iwe ile inayovuka mipaka. Jifunze kuziba pancha nyumbani, usijifunzie Chalbi. Maji lita nne, usipunguze.

Salma anakuja Dar Ijumaa na barua hii. Mpe risiti ya hiyo arbuni aniletee niisome, maana ikiwa imeandikwa kwamba inarudishwa ndani ya siku 30, bado zipo siku za kuirudisha, na nauli ya kumfuata huyo mwuzaji nitaitoa mimi.

Shangazi yako,
Mwanaidi