Kurasa Tupu

Mwezi Septemba 1776, Sultani Hasan wa Kilwa aliwekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice. Morice atauziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, na Sultani atapewa zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Hakuna Mzungu mwingine atakayenunua mpaka Morice awe ametosheka. Muda wa mkataba ni miaka 100. Karibu yote yaliyomo ni hayo. Mwanafunzi wa sheria anaumaliza kabla chai yake haijapoa.

Siku moja, kwa majaribio tu, niliipa programu ya kuchambua mikataba tafsiri ya maandishi hayo. Ilinirudishia jedwali safi: wahusika, bei, muda, haki ya kununua peke yake. Sekunde chache tu, na kila safu ilikuwa sahihi. Wale watu 1,000 wa kila mwaka nilikuta wamewekwa kwenye safu ya "bidhaa". Nayo haikukosea, maana ndivyo mkataba unavyosema. Mashine ilisoma kilichoandikwa, na waliokaa upande wa pili wa karatasi ile hawakuandika neno.

Nimekulia Kilwa Masoko, ng'ambo tu ya kisiwa cha Sultani huyo, na sasa nasoma shahada ya uzamili ya sheria. Jedwali lile lilikuwa bado linanisumbua nilipokwenda kujitolea katika ofisi moja ya msaada wa kisheria mkoani Lindi. Nikapewa maboksi saba.

Maboksi yalitoka kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Kilwa. Sitakitaja, kwa sababu shauri lake halijaisha. Wanakijiji walikuwa wanadai kwamba eneo walilokuwa wakilima ufuta na kuokota korosho lilipewa mwekezaji bila wao kukaa na kukubali. Upande wa pili ulisema walikaa, wakakubali, na karatasi zipo. Ndani ya maboksi mlikuwa na karatasi kweli: mihtasari ya vikao, barua za wilaya, fomu za uthamini, stakabadhi, madaftari ya mahudhurio yaliyotobolewa na mchwa. Tulihesabu kurasa 2,640.

Shangazi yangu ana shamba kijijini humo. Nilimwambia wakili jambo hilo siku ya kwanza, naye akaamua kazi yangu iwe karatasi tu, ushauri atatoa yeye.

Kilichotubana ni kalenda. Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Zaidi ya hapo, shauri likigusa halmashauri ya wilaya au serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Ukitoa siku hizo kwenye muda uliobaki, tulikuwa na wiki tatu za kujua kama tuna hoja au hatuna. Wakili alikuwa mmoja, na maboksi yale hayakuwa kazi yake peke yake.

Wanaosoma habari za teknolojia watasema jibu linajulikana. Mwaka 2012, katika shauri la Da Silva Moore dhidi ya Publicis Groupe, hakimu Andrew Peck wa New York alikubali kompyuta itumike kuchuja barua pepe zipatazo milioni tatu. Mawakili walisoma sehemu ndogo, wakaifundisha mashine lipi linahusika na lipi halihusiki, kisha ikaendelea yenyewe. Tangu hapo jambo hilo limekuwa la kawaida kwenye ofisi kubwa. Lakini barua pepe huzaliwa ndani ya kompyuta. Karatasi zetu zilizaliwa kwenye ofisi ya kijiji yenye bati linalovuja.

Tulianza kwa kuskani, siku tatu, watu wawili, umeme ukikatika tunangoja. Hatukupandisha chochote mtandaoni. Karatasi zilijaa majina, saini na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haichezewi. Tulitumia Tesseract, programu ya bure inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yanayotafutika, na ambayo imefundishwa Kiswahili pia. Rafiki yangu anayesoma sayansi ya kompyuta alituandikia programu nyingine ndogo ya kupanga tarehe na kukamata nakala zinazojirudia. Wakili naye aliweka sharti. Alikuwa amesoma habari za mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Akasema mashine itapanga na itatafuta, lakini haitaandika hoja, na kila inachodai lazima ituonyeshe ukurasa.

Nakiri kwamba nilifurahi kuiona inafanya kazi. Barua moja ya wilaya ilikuwa na nakala 14 zilizotawanyika kwenye maboksi matano, na mimi kwa macho yangu ningeisoma mara 14 nikidhani ni barua tofauti. Mashine iliziweka pamoja. Ilipanga mihtasari kwa tarehe, ikaonyesha miezi yenye vikao vitatu na miaka isiyo na hata kimoja. Siku ya nne tulikuwa na kurasa zisizozidi 1,100 za kusoma, zimepangwa kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Ningefanya kazi hiyo kwa mkono, wiki tatu zingekwisha.

Tatizo la kwanza lilikuja kwenye neno halmashauri. Tulikuwa na programu ya kutafsiri iliyokaa ndani ya kompyuta, ya kutupatia vichwa vya Kiingereza kwa ajili ya orodha ya nyaraka. Kila ilipokuta Halmashauri ya Kijiji na kila ilipokuta Halmashauri ya Wilaya, iliandika neno lile lile moja. Mara nyingine hata Mkutano Mkuu wa Kijiji ukawekwa humo humo. Ukisoma haraka unaona chombo kimoja kimekaa na kukubali mara sita.

Kisheria tofauti hiyo ndiyo shauri lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo halizidi hekta 250, anayekubali au kukataa ni huo Mkutano Mkuu. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Eneo letu lilikuwa chini ya hekta 250. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: watu walikaa, au hawakukaa?

Watu wa Kilwa wanajua kwa nini swali hilo halina mzaha. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilipata kiasi cha hekta 34,000 wilayani humu kwa ajili ya kilimo cha mibono, kutoka vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Mradi ulikufa baada ya miaka michache. Lakini ardhi ikishatoka kwenye ardhi ya kijiji ikawa ardhi ya jumla, hairudi yenyewe kwa sababu aliyeichukua amefilisika. Kampuni inaweza kuondoka usiku mmoja, na karatasi ikabaki inafanya kazi.

Tukarekebisha tafsiri kwa mkono, neno kwa neno. Ndipo nikakutana na orodha iliyoitwa "tupu".

Programu ilikuwa na utaratibu kwamba ukurasa usio na maandishi yanayosomeka unawekwa pembeni, ili usitupotezee muda. Ilikuwa imeweka pembeni kurasa 212. Nilizifungua kwa ajili ya kuhakikisha tu, nikitegemea migongo ya karatasi na majalada. Nyingi zilikuwa hivyo. Lakini 31 hazikuwa tupu hata kidogo. Zilikuwa karatasi za mahudhurio. Majina yalikuwa yameandikwa kwa kalamu iliyofifia, na mbele ya kila jina dole gumba la wino wa zambarau. Programu yetu ilijua herufi za chapa. Vidole iliviona kama uchafu.

Niliduwaa mbele ya kioo cha kompyuta. Watu ambao shauri lilikuwa lao ndio waliowekwa pembeni, kwa sababu hawakuandika. Sikuwa na wa kumlaumu. Kigezo tulikiweka wenyewe, na kilitusaidia kuondoa kurasa nyingine 181 zisizo na faida. Lakini siku zile zilizookolewa na mashine nilijua sasa zitakwenda wapi. Wakili alikubali. Tukachapa zile kurasa 31, tukapanda basi hadi njia panda, kisha bodaboda.

Shangazi alitupokea chini ya mkorosho wake, akasikiliza salamu zote kwa utulivu kabla ya kuuliza tumekuja na nini. Wakili alimweleza. Nikamsomea tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi ya mahudhurio ya ule Mkutano Mkuu unaodaiwa kukubali: siku moja ya mwezi Januari.

"Januari ipi, mwanangu? Hiyo ya kaskazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwaka ule?" Akacheka kidogo. "Kaskazi ile wanaume hapa walikuwa nani? Wote walikuwa dago."

Kwa msomaji wa bara, dago ni kambi ya wavuvi. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi, wanaume huhamia na mashua zao mbali na kwao, wakalala huko wiki au miezi. Orodha yetu ilikuwa na majina 87, zaidi ya nusu ya wanaume.

Wakili alimuuliza, kwa adabu, anakumbukaje kaskazi moja kati ya nyingi. Shangazi akasema anakumbuka kwa sababu ndoa ya binti yake ilipangwa Januari hiyo ikaahirishwa. Walii alikuwa baba yake, naye yuko dago. Nani angeozesha? Walingoja mpaka Machi. Akaingia ndani, akatoka na cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki. Kiliandikwa Machi.

Mume wake alikuwa amekaa pembeni anashona nyavu, hajasema neno tangu tulipoamkiana. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Januari, namba 40 na kitu, na mbele yake dole gumba. Nikamwonyesha. Aliitazama karatasi muda mrefu, akairudisha.

"Mimi siweki dole," alisema. "Mimi nina mkono."

Akaonyesha kwenye cheti cha ndoa. Mahali pa walii palikuwa na jina lake kwa herufi za Kiarabu, limenyooka, la mtu aliyemaliza chuo cha Qurani. Aliyetengeneza ile orodha, yeyote awaye, alidhani mvuvi mzee asiyepita shule hajui kuandika. Wakili hakusema kitu. Alitoa kalamu, akaandika tarehe zote mbili juu ya daftari lake, moja chini ya nyingine.

Sitaki mtu asome hapa kwamba mashine ilishindwa na bibi akashinda. Bila mashine tusingemfikia bibi. Tungekuwa bado kwenye boksi la pili tukisoma nakala ya tisa ya barua ile ile. Ninachosema ni kwamba kuharakisha usomaji kuna maana tu kama mtu ameshaamua muda uliookolewa utatumika wapi. Ukiokolewa ili ufunge faili mapema, karatasi itashinda daima, kwa sababu karatasi huandikwa na mwenye kalamu. Shule tunafundishwa kukagua yaliyomo kwenye nyaraka. Hatufundishwi kukagua nani hayumo, na hakuna programu niliyoiona yenye safu ya jambo hilo. Morice na Sultani Hasan wangepita ukaguzi wa aina hiyo bila alama nyekundu hata moja.

Wala ushahidi wa mzee haujatupa ushindi. Upande wa pili unaweza kusema aliweka dole siku hiyo kwa sababu kalamu haikuwepo, au kwamba alirudi kutoka dago kwa siku moja. Alama za vidole zina wataalamu wake, na mahakama ndiyo itakayopima. Tulirudi mara mbili nyingine, tukakaa na wanakijiji 19 ambao majina yao yamo, tukaandika maelezo yao kwa Kiswahili walichokisema wenyewe, tukawasomea, wakayathibitisha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo maneno yao yanaweza kufika mbele ya hakimu kama yalivyotoka kinywani. Neno dago halikuhitaji kutafsiriwa.

Notisi ilipokelewa wilayani zikiwa zimebaki siku nne. Nina nakala yenye mhuri.

Kabla sijarudi chuoni nilifungua ile orodha ya nyaraka mara ya mwisho, ili atakayeshika faili baada yangu asipotee. Nilitafuta kurasa 31 zilizokuwa na lebo ya "tupu", nikaifuta kwenye kila moja. Mahali pake niliandika: "Madole. Waulizwe wenyewe."