Bunduki Nyumbani: Shauri la Mume na Mke

Katika vijiji vya Kilwa na Lindi liko jambo moja ambalo limewagombanisha watu wengi waliooana kwa amani kanisani, nalo ni gobori. Mume ataka likae nyumbani, mke ataka litoke. Sisi walimu huyasikia hayo, kwa kuwa watoto huja nayo shuleni. Basi twaandika machache, si kwa kuhukumu nyumba ya mtu, bali kwa kuwasaidia wale wanaolala wamepeana mgongo kwa ajili ya chuma hicho.

Kwanza tumsikilize mume, maana hasemi upuzi. Shamba likiwa karibu na pori, nguruwe mwitu huweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo mkulima hulala dunguni, na alipo nguruwe, simba naye hufuata. Wataalamu waliotoa hesabu zao mwaka 2005 walionyesha ya kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, wengi wao pande hizi za kusini, hasa katika miezi ya mavuno na mahali penye nguruwe wengi. Mtu akeshaye peke yake gizani na debe la kupiga, nani atamcheka akitamani bunduki?

Tena gobori mara nyingi ni urithi. Kwa Wamwera, Wayao na Wamakonde, urithi wa desturi ulifuata upande wa mama, na mtu aliweza kupewa gobori la mjomba wake. Mume huona ya kuwa kulitoa ni kumtupa mjomba.

Sasa tumsikilize mke. Wako wasemao kwamba huo ni woga wa wanawake tu. Sivyo. Gobori hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomo wa mtutu, na likisha kushindiliwa si rahisi kulitoa vilivyomo ila kwa kulipiga. Mume akikesha bila kumwona nguruwe, hurudi alfajiri na gobori lililojaa, akalitundika ukutani, akalala. Mke ndiye abakiye macho, na watoto wacheza chini yake. Nguruwe ana majira yake, lakini gobori hukaa ukutani mwaka mzima. Hukaa hata siku za mabibo, wakati uraka unapolewa na maneno kuwa mengi. Mwenye fimbo akikasirika, huenda akapata nafasi ya kujuta kabla hajaua. Mwenye bunduki hapati nafasi hiyo. Wazee walisema kweli, hasira ni hasara.

Iko na hofu nyingine ambayo mke haitamki. Wanapobishana juu ya fedha za korosho au juu ya mtoto, yeye hulitazama lile gobori kabla ya kujibu. Labda mume hana nia mbaya hata kidogo, lakini mke amekwisha kunyamaza. Na mume, asipojua sababu, hudhani ametiiwa. Nyumba ya namna hiyo yaonekana ina utulivu, walakini utulivu wake si amani.

Kwa hiyo twasema wazi: silaha isikae katika nyumba ila wote wawili wameiridhia, na neno la yule anayekataa liwe zito kuliko la yule anayetaka. Atakaye bunduki ataka kitu cha kulinda shamba, na shamba laweza kulindwa kwa njia nyingine. Lakini akataaye anazuia jambo ambalo likitokea halirudi.

Sheria nayo imo upande huu. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha isiyo na leseni ni kosa, na leseni ni ya mtu aliyeandikwa jina lake. Haihami kwa mpwa pamoja na urithi. Mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha zisizo halali bila kushitakiwa. Naye aliye na leseni aifungie silaha mahali pa salama, aweke baruti mbali nayo, wala asiingie nayo mlangoni ikiwa imeshindiliwa.

Na nguruwe je? Nguruwe si shauri la nyumba moja. Wanakijiji na walime mashamba yao pamoja mahali pamoja, wakeshe kwa zamu wawili wawili, wawinde kwa nyavu na mbwa, na simba akionekana wamwite askari wa wanyamapori. Mtu akiwa na wenzake, hamu ya bunduki hupungua.

Tumkumbuke Abigaili. Nabali mumewe alisema maneno ya kiburi, na Daudi akaja na watu 400 wenye panga. Mwanamke yule akatoka kuwalaki kwa chakula na maneno ya busara, na damu haikumwagika. Daudi, aliyekuwa shujaa wa vita, hakuona haya kulipokea shauri la mwanamke, bali alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Basi, ninyi waume, mke akiwaambia habari ya chuma kile ukutani, msimwambie anyamaze. Keti naye, ndugu, umsikilize mpaka mwisho.