Kuko Gari?

Bukavu, Julai 2019

Mdogo wangu,

Kabla ya salamu: ile Corolla ya marehemu baba bado iko chini ya mwembe, au watu wa vyuma chakavu wameshakushinda kwa maneno? Kama hawajaja, usiwape jibu mpaka uimalize barua hii.

Nimeingia Jumatatu jioni, kiuno kimekauka kama papa wa ng'onda. Kutoka Tanga mpaka Rusumo nilikuwa na akili zangu timamu. Kuvuka daraja tu, basi likahamia kulia mwa barabara, na mimi nikawa nakanyaga breki hewani mpaka kwenye misitu ya Nyungwe. Rwanda angalau wanaeleweka: wanaendesha kulia, usukani uko kushoto, na ule wa kulia walishaupiga marufuku kuingizwa. Ukivuka mto Ruzizi mambo yanapinduka. Barabara ya Bukavu ni ya kulia, kama walivyoiacha Wabelgiji, ila magari mengi yana usukani wa kulia, kama la baba. Yametoka Japani, yakashushwa Dar au Mombasa, yakaja mpaka huku kwa njia kama yangu. Nadhani na yenyewe viuno vinayauma.

Mji umekaa kama mkono uliochovya vidole vitano ziwani. Mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ndugu yangu. Nimelala na soksi, mtoto wa Ngamiani mimi! Maji yamejaa mbele ya macho, lakini pua inatafuta chumvi haiipati.

Jumanne nikasimama Nyawera kutafuta teksi ya Kadutu. Teksi zao ni Toyota ndogo zinazopakia kama daladala: wanne nyuma, wawili wamebanana mbele, faranga 500 kwa kichwa. Hiyo ni kama 700 ya kwetu, wakati daladala Dar ni 400. Kwa kuwa mimi mgeni nikapewa kiti cha mbele, dirishani. Nikaona nimeheshimiwa. Kumbe nimepewa kazi.

Dereva amekaa kulia, ubavuni mwa mtaro. Akitanguliwa na lori, haoni chochote zaidi ya matako ya lori. Anayeona ni abiria wa kushoto, aliyening'inia katikati ya barabara. "Papa, angalia: kuko gari?" Nikatoa shingo, nikaanza kwa utulivu, "Naam, kuna lori jingine linakuja, ila naona bado liko mbali ki..." Lori likatupita puani na honi yake. Teksi nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja wa nyuma, mwenye beseni la mboga mapajani, akanihurumia: "Papa, Kiswahili yako iko murefu sana. Sema tu: kuko, ao hakuna."

Basi nikawa jicho la dereva mpaka Kadutu, kuko, hakuna, kuko, hakuna, na nilianza kujiona fundi. Tulipofika nikafungua mlango kwa mbwembwe, nikasahau kwamba mlango wangu unafungukia katikati ya barabara. Mwenye pikipiki alinikwepa kwa unywele. Aliniambia kitu kwa Mashi, na namshukuru Mungu sikuelewa.

Usiku kuna jingine. Taa za magari haya zimetengenezwa zimulike zaidi kushoto, kwenye ukingo wa barabara ya Kijapani. Hapa kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo kila mtu anammulika mwenziwe machoni, na watu wanapishana kwa adabu tu.

Jumatano mvua ya vumbi ilinikuta ndani ya Hiace yenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Nikamuuliza dereva mbona hayafuti. Akashtuka kama nimemwambia afute jina la mwanawe: "Ile maandiko usitoe! Njo inaonyesha gari ilitoka Japon kabisa." Pengine gari lilikuwa la chekechea, pengine la fundi bomba, nani ajuaye. Redio yake haipandi juu ya 90, kwa kuwa redio za Kijapani zilianzia 76 na kuishia hapo. Halafu alipozungusha ufunguo akasema yule dada wa kwenye mashine! Yule yule wa gari la jirani yetu, anayelalamika kwa sauti ya upole kila asubuhi kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa. Barabara zenyewe ziko Japani. Hakuna aliyewahi kumjibu, wala huku wala Tanga. Nikakumbuka nyumbani ghafla, nikajifanya vumbi limeniingia jichoni.

Jioni nikala bugali na sambaza wa kukaanga, wadogo, wa kutafuna na kichwa. Wanafanana na dagaa wa Kigoma, na si bure: walitolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa kwenye ziwa la hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wahamiaji nao.

Leo Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Kwenye gereji moja ya Kadutu nimekuta Corolla tatu za umbo la boksi, zile zilizoanza kutoka 1979, ambazo sisi tuliziita DX kana kwamba ni jina la ukoo. Moja imebeba ndizi mpaka kwenye paa. Nikaomba kukaa ndani. Viti vya plastiki vilivyopigwa jua, petroli kidogo, vumbi: harufu ya baba akitupeleka Pangani. Nikafunga mlango mara mbili nisikie ule mlio. Vijana wa gereji wakatazamana.

Mzee wa spea ana taa ya nyuma ya kushoto, nzima. Dola tano. Nikampa noti yangu, akaiinua juani, akaona imechanika pembeni kama ukucha, akanirudishia mpaka nikatoa nyingine. Chenji ya faranga aliyonipa baadaye, iliyolegea kama kitambaa cha jikoni, hiyo haina neno.

Taa iko ndani ya begi, imevikwa fulana zangu mbili. Wewe wahamishe kuku kutoka kiti cha nyuma, na mayai uyatoe kwa uangalifu.

Kaka yako