Nyakakika: Jioni moja getini kwa Papa Shirandula

Karagwe. Ligi Kuu ikisimama, mwenye kibanda umiza hana raha. Hapa Nyakakika, kata iliyo ndani ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, mwenye kibanda amejitafutia dawa yake. Mpaka Simba na Yanga warudi uwanjani, Jumamosi jioni anaweka vichekesho. Kiingilio ni kidogo kuliko cha mpira, mtoto aliyekuja na mzazi halipi, na wanawake, ambao siku za mpira hupita mbali na mlango huo, huja na mikeka yao na kukaa mbele.

Anayefika huku akitokea Bukoba hupita kwanza Kyaka, kwenye Mto Kagera, mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja mwaka 1978. Baada ya hapo ni lami inayopanda vilima hadi Bugene na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Ukiiacha lami unabaki na vumbi, bodaboda na migomba. Migomba inaanzia ukutani mwa nyumba na kuendelea hadi macho yachoke. Julai kila uani kuna majamvi ya kahawa, watoto wakiigeuza kwa miguu, na mgeni hupewa kahawa ya kutafuna hata kabla hajaulizwa ametoka wapi.

Ni sehemu ambayo karibu kila nyumba ina mtu aliye mbali. Wako Mwanza, wako Dar es Salaam, wako Kampala, na tangu Serikali ihamie Dodoma kwa kasi, wako huko pia. Wanaobaki hulima, husubiri simu, na Jumamosi hucheka.

Wanachocheka jioni hii ni Papa Shirandula, mchezo wa Kenya uliorushwa kwa miaka mingi na Citizen TV na ambao huku umefika kwenye flashi, ukiwa umepakuliwa na kijana anayechaji simu na kuingiza nyimbo. Papa ni mlinzi wa getini kwenye kampuni, “soja” kama wasemavyo Wakenya, lakini mkewe Wilbroda anaamini ana kazi kubwa ofisini. Basi mwanamume huyu mwenye tumbo lake anatoka nyumbani na suti, anafika kazini, anavua, anavaa sare na kofia, anafungulia magari. Jioni anarudia suti. Kila kipande kinazunguka hapo, mke akikaribia kujua na mume akikimbilia nyuma ya ukuta.

Wamarekani nao walikuwa na mchezo wao wa kazini, The Office, kuhusu wauza karatasi wa mji wa Scranton, uliodumu tangu mwaka 2005 hadi 2013. Ule kamera yake inakaa ndani, mezani, na bosi ndiye kichekesho. Huu wa Papa unaiangalia ofisi kutoka getini. Labda ndiyo maana Nyakakika, ambako meneja wa kampuni haonekani lakini walinzi wamezaliwa wengi, haukuhitaji kuelezwa na mtu.

Katika kipande cha leo Wilbroda yuko njiani. Watoto wa mbele wanampigia Papa kelele ajifiche. Papa anajificha. Kibanda kinacheka hadi mabati yanalia.

Halafu umeme unakatika, kama kawaida yake, na ndipo mjadala unapoanza.

“Mimi nisingesema hata siku moja,” anasema dereva wa bodaboda aliyeegemea mlango. “Mke akijua wewe ni mlinzi, heshima imekwisha.”

“Heshima gani?” anajibiwa na mama mmoja kutoka kwenye mkeka. “Maharage yanauliza yamenunuliwa na nani?”

Mwalimu mstaafu, mzee ambaye huachiwa kiti chenye egemeo bila kuomba, anasubiri wanyamaze. “Waitu, hebu hesabuni,” anasema. “Ukisema wewe ni meneja, mchango wa harusi utaandikiwa wa meneja. Ada ya mtoto wa dada yako italetwa kwako. Msiba ukitokea, jina lako litakuwa la pili kwenye daftari. Sasa mshahara ni wa getini. Hiyo tofauti inatoka wapi?”

Hakuna anayejibu, kwa kuwa tofauti hiyo inajulikana. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka Sh222,000 kwa mwezi kwa walinzi wa kampuni kubwa za ulinzi na Sh148,000 kwa wale wa kampuni ndogo. Ukitoa chumba, chakula na nauli ya kurudi Desemba, kinachobaki si cha kuandikwa cha pili kwenye daftari la msiba.

“Kwa nini asimwambie tu?” anauliza kijana wa kidato cha pili.

Watu wazima wanamcheka kidogo, kwa namna watu wazima wanavyomcheka mtoto aliyeuliza jambo ambalo hawana jibu lake. Mtu mmoja anabadilisha mazungumzo. Anakumbusha kwamba mwigizaji mwenyewe, Charles Bukeko, alifariki Julai 18, 2020, kipindi kile cha korona. Wengine hawakujua. Mama wa mkeka anasema “maskini” mara mbili. Mwingine anakumbuka kwamba ndiye yule wa tangazo la Coca-Cola, aliyekuwa akinywa na kutetemeka “brrr”, na watoto wanaanza kumwiga gizani mpaka wanakaripiwa.

Filimbi kwenye suruali

Nje ya kibanda, mama yake yule kijana aliyeuliza anakaanga chapati kwa mwanga wa tochi ya simu. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu mume wake hajui kwamba anajua. “Lakini hayo mengine andikeni,” anasema. “Akiyasoma akajijua, atakuwa amenipunguzia kazi.”

Mume aliondoka mwaka 2019 kwenda Dodoma. Kwenye simu alisema amepata kazi ofisini, “mambo ya usalama”. Kijijini likasikika neno ofisi, hilo la usalama likapotea njiani. Desemba moja alipokuja likizo, mke akiwa anafua nguo alikuta filimbi kwenye mfuko wa suruali ya bluu. Ndani ya begi kulikuwa na shati lenye mikanda mabegani na nembo ya kampuni ya ulinzi.

“Nikaanika suruali. Filimbi nikairudisha begini, palepale nilipoona ingepaswa kuwa,” anasema.

Hakumuuliza. Alipoulizwa na dada yake sababu, alimwambia habari ya suti. Mume alikuja nayo kutoka Dodoma, safari yote ndani ya basi, ameishikilia mapajani kwenye mfuko wa nailoni isikunjike. Akaivaa kanisani Jumapili mbili. “Mtu aliyeibeba suti hivyo, unaanzaje kumuuliza?”

Kicheko cha kibandani na ukimya wa mama huyu vinatoka kwenye jambo lilelile, ila kwenye runinga Papa haugui. Kipande kikiisha, kesho anaanza upya akiwa mzima. Mume wa mama huyu likizo ileile alianza kulalamika kichwa na kizunguzungu. Wakaenda pamoja kupima, na shinikizo la damu likakutwa liko juu.

Muuguzi akauliza kazi.

“Karani,” mume akajibu.

Basi akashauriwa kama karani. Apunguze chumvi, atembee kwa miguu jioni akitoka ofisini, alale mapema, ameze kidonge kila asubuhi na chai kabla ya kwenda kazini. Ushauri mzuri kabisa, na haukuwa na kosa lolote kwa mtu aliyetajwa. Mke alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, anasikiliza. Alijua mume wake hulala asubuhi na huingia lindoni jioni. Alijua pia kwamba akisema neno, atamvua suti mbele ya mgeni. Akanyamaza. Ni kama vile muuguzi aliipima suti.

Kwa mlinzi wa usiku swali la kazi ni sehemu ya vipimo. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka mtu anapolala usiku, na anayekesha miezi na miaka huikosa nafuu hiyo. Usingizi wa mchana huwa mfupi, kuna jua, kelele na watoto wa wenye nyumba. Tafiti za nchi mbalimbali zimehusisha kazi za zamu za usiku na ongezeko la shinikizo la damu na kisukari. Muuguzi anayejua ukweli angeuliza mengine: unakesha siku ngapi mfululizo, unakula nini saa nane usiku, unakunywa soda ngapi ili usisinzie, na kidonge ukimeze saa ngapi ili usikiruke. Haya yote yana majibu, ila hayaulizwi kwa karani.

Tena si hospitali peke yake. Mwaka ule kijana alipojaza fomu za kidato cha kwanza, penye “kazi ya baba” aliandika “Afisa”, kwa mwandiko mzuri. Mama akaisoma, akaisaini. Anasema kuliko yote hilo ndilo lililomkosesha usingizi, maana sasa uongo ulikuwa na sahihi yake.

Halafu kuna karatasi nyingine, ambazo watu wa hapa huzizungumzia kwa sauti ya chini kwa sababu zinahusu kifo. Mwajiri hutakiwa kumchangia mfanyakazi NSSF, na mchango wote, wa mwajiri na wa mfanyakazi, ni asilimia 20 ya mshahara. Akiumia au kufa kutokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Mjane na watoto wana haki humo. Lakini mjane ataanzia wapi kudai, ikiwa jina la kampuni alilisoma mara moja tu, kwenye nembo ya shati lililofichwa begini? Mama huyu hakulisahau. Aliliandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, anasema, na kadi iko chini ya godoro.

Nani anamdanganya nani

Umeme unarudi. Kibanda kinapiga makofi, picha inaanza pale ilipoishia, na Papa bado yuko nyuma ya ukuta. Mama wa mkeka sasa anasema jambo ambalo linazua kelele kuliko yote ya jioni. Anadai Wilbroda anajua. Anajua tangu siku ya kwanza, ila anamwachia mume wake suti.

“Kama anajua, mchezo umekwisha,” anabisha dereva wa bodaboda.

“Ndiyo unaanza,” anasema mama.

Mwalimu anatikisa kichwa, si rahisi kujua kama anakubali. Kijana wa kidato cha pili anaangalia runinga, mdomo wazi, akicheka kuliko wote kila Papa anapoivuta ile kofia kichwani.

Kufika saa mbili na nusu watu wanaanza kutawanyika. Usiku wa Julai Karagwe una baridi, na watoto wanabebwa wakiwa wamefunikwa khanga. Pikipiki mbili zinawaka. Mama wa chapati anahesabu chenji pale simu yake inapoita. Anaiweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ina mafuta.

“Mama watoto, mmeshindaje?”

“Tumeshinda salama. Uko wapi?”

“Bado niko ofisini. Leo tunafunga hesabu za mwezi.”

“Haya, baba watoto. Sweta unalo? Nasikia Dodoma kuna upepo.”

“Ninalo.”

“Na dawa?”

“Nitameza asubuhi.”

Mama anafuta mikono kwenye kitenge, anazima sauti ya nje na kuipeleka simu sikioni. “Umeze ukitoka kazini,” anasema taratibu. “Umeze, ndipo ulale.”

Upande wa pili pananyamaza kwa muda, na yeye hasemi kitu. Anasikiliza, anaitikia “ehe”, anasikiliza tena. Kijana ametoka kibandani na kusimama karibu yake, mkono ameunyoosha, akisubiri apewe simu asalimiane na baba yake.