Uwanja wa Ndengu

Raketi nne nilizinunua Gikomba, wiki mbili baada ya kuachishwa kazi. Nilikuwa nimeenda kutafutia mtoto viatu vya shule. Usiniulize zaidi. Mtu akipoteza kazi hununua vitu vya ajabu, na mimi angalau sikununua redio ya gari wakati sina gari.

Ninachojua ni kwamba kwa miaka mitano matatu yetu ilikuwa inakwama kwenye jam ya Upper Hill, kando ya ua mrefu wa klabu fulani, na nyuma ya ule ua nilikuwa nasikia po, po, po. Sikuwahi kuwaona waliokuwa wakicheza. Nilijua tu kuna watu ambao saa moja asubuhi hawakimbilii popote.

Mwezi wa nne nikarudi Mutomo. Mimi, kijana wangu wa miaka minane, mifuko mitatu, godoro, na raketi nimezifunga ndani ya shuka kama kitu cha wizi. Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui siku hizi ni lami. Nilipokuwa mwanafunzi ilikuwa vumbi na mashimo, safari ndefu, lakini ilikupa muda wa kupanga utakachosema nyumbani. Lami haikupi huo muda. Nilishuka stejini nikiwa bado sina hadithi.

Nau, yaani baba, alifundisha hesabu shule ya msingi hadi akastaafu. Nilipoitwa chuo aliuza ng'ombe watatu. Jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa nyumbani, na kwa sababu halikuzungumzwa lilikuwa kila mahali, kama harufu ya moshi kwenye nguo. Kwetu baba haulizwi, na yeye hakuulizi. Maneno hupitia kwa Mwaitu. Mama angekuja jikoni na kusema, "Baba yako anauliza kama likizo yako ni ndefu." Nami, "Mwambie ni ndefu kidogo." Basi anazipeleka hizo habari hatua ishirini hivi, hadi chini ya mkwaju, ambako mzee amekaa na amesikia kila kitu.

Tulikaa hivyo mwezi mzima.

Kila boma lenye shamba la ndengu huku kwetu lina kiwanja cha kuzipigia. Unachukua udongo wa kichuguu, unauponda, unauchanganya na maji na kinyesi cha ng'ombe, unausiriba chini hadi unakuwa mgumu kama sementi. Chetu kina hatua kumi na mbili kwa saba hivi. Mwaka huo mvua za Machi zilituhepa, kama zinavyofanya mara nyingi. Mtu wa Ukambani akiwa na akili anategemea zile za mwisho wa mwaka. Kwa hivyo kiwanja kilikuwa kimelala kitupu. Siku moja nikamkuta kijana wangu amefunua lile shuka. Amesimama katikati ya kiwanja na raketi, anapiga hewa.

"Mami, hapa ni kama kwa Angella Okutoyi."

Haikuwa kama kwa Angella Okutoyi hata kidogo. Lakini huyo mtoto anamjua Okutoyi vile watoto wengine wanajua wachezaji wa Arsenal. Anajua kwamba mwaka 2022 alishinda Wimbledon, upande wa wasichana wawili kwa wawili, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, na hakuna Mkenya aliyekuwa ameshinda taji la aina hiyo kabla yake. Anajua pia alilelewa na nyanya yake pale Loresho. Hili alikimbia kumwambia Mwaitu: "Susu, yeye alilelewa na susu wake!" Mwaitu akasema mm. Lakini kuanzia hapo akawa anapitia karibu na kiwanja na sufuria yake zaidi ya vile kazi ilivyohitaji.

Wavu ulikuwa kamba ya katani na magunia matupu. Mistari tukachora kwa jivu. Mipira ilikuwa mitatu, mizee, iliyokuja na raketi ndani ya karatasi ya nailoni. Nau alitutazama siku tatu bila neno. Ya nne akaingia nyumbani, akatoka na ile rula yake ya ubaoni ya mita moja, kiti, na daftari. Alikuwa amemwomba kijana wa boda, ndugu yangu mdogo, amsomee sheria kwenye simu. Mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 unatakiwa udunde kati ya 135 na 147. Akampandisha mjukuu wake juu ya kiti, akapima ukutani, akasema, "Achilia." Mpira ukadunda kama chapati.

"Huu umekufa," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya tenisi. Na kwa mara ya kwanza tangu nirudi, alikuwa amesema na mimi moja kwa moja.

Kumbe ule ufu ulitusaidia. Nilisoma baadaye, kwa bando ya shilingi ishirini usiku, kwamba shirikisho la tenisi la dunia, ITF, lilianzisha mpango wa wanaoanza mwaka 2007: uwanja mdogo wa kama mita kumi na moja badala ya 23.77, na mipira laini inayokwenda polepole. Wanasema mtu mzima akianzia kwenye uwanja kamili na mpira mpya atashinda akiokota mipira. Sisi tulikuwa na uwanja wa mita kumi na moja na mipira mfu. Umaskini ulikuwa umetupangia masomo sawasawa.

Usiku huohuo nikamsoma Rod Laver. Ndiye mwanaume pekee aliyeshinda mataji yote manne makubwa ya mchezaji mmoja ndani ya mwaka mmoja, mara mbili, 1962 na 1969. Alikulia Rockhampton, Queensland, nchi ya ng'ombe na joto, na uwanja wa kwao nyumbani ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Asubuhi nikamwambia Mwaitu, kwa sababu Nau alikuwa ameanza kuzungumzia kuongeza kiwanja upande wa chini. Nikasema hata bingwa wa dunia alianzia kwenye kichuguu.

"Na maji walitoa wapi?" akauliza.

Hapo hakuna mtu alijibu. Kusiriba kiwanja kunataka maji, na maji ya kwetu yanakuja na punda, jerikeni ya lita ishirini baada ya nyingine. Mwaitu alihesabu kwa vidole, akafika kumi na mbili, akaturudishia macho. Kiwanja hakikuongezwa. Alikuwa sawa, na sijui kwa nini nilinuna siku mbili.

Sasa, kuhusu kujifunza. Ukiwa na miaka thelathini na mbili umeshazoea kutofanya yale usiyoyajua mbele za watu. Unachagua. Kama hujui kuogelea, unakaa na viatu. Uwanja wetu uko kando ya njia ya kwenda soko, na mimi nilikuwa nimefunga leso juu ya suruali ya mazoezi, narusha mpira juu, naukosa, raketi inanipiga kwenye muundi wa mguu. Wamama wa chama wakasimama na vikapu. Mmoja akauliza kwa upole kabisa kama hivyo ndivyo tulikuwa tukifanya huko Nairobi.

Mwalimu wetu alikuwa mtoto. Ndiye alikuwa ametazama video nyingi. Alikuwa anasema, "Umau, kunja goti!" na babu yake, ambaye nusu ya watu wazima wa Mutomo bado wanamwogopa, anakunja goti. Ndugu yangu alicheza vile anavyoendesha pikipiki. Mpira wake ulikuwa unatafutwa upande wa Ikutha. Nau alikuwa na pigo moja tu, la chini, kama mtu anayefagia, lakini halikukosa.

Hesabu ndiyo ilileta vita. Mtoto alieleza: kumi na tano, thelathini, arobaini. Nau akamsimamisha.

"Arobaini na tano."

"Hapana, Umau, ni arobaini."

"Kumi na tano mara tatu ni ngapi?"

Nikaingilia, nikasema inaaminika zamani kule Ufaransa walikuwa wanasema arobaini na tano kweli, halafu ikafupishwa. "Basi hao wa zamani walikuwa na akili," akasema. Kwetu mpaka leo ni arobaini na tano. Na ile ya kuita sifuri "love" aliipiga marufuku. Sifuri ni sifuri.

Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimeanza kumweza. Goti lake la kushoto ni baya, na yeyote anayeangalia anaona: mpira ukienda upande ule, hafiki. Mimi sikuupeleka upande ule. Tukifika thelathini kwa thelathini, mkono wangu ulikuwa unalegea wenyewe na mpira unatoka nje. Anashinda, anapangusa uso, mtoto anapiga makofi, tunaenda kunywa chai. Nilijiambia ni heshima. Binti hamkimbizi baba yake mbele ya wapita njia.

Nilisahau kwamba yule mzee anaandika. Kila mchezo ulikuwa kwenye daftari, na nukta ndogo kuonyesha kila mpira ulipoangukia. Jioni moja aliniita chini ya mkwaju, akafungua kurasa mbili.

"Hapa ni thelathini kwa thelathini, mara kumi na moja. Umetoa nje mara tisa. Zingine zote, unatoa moja kati ya nne." Akafunga daftari. "Kosa la bahati mbaya halina mpangilio kama huu. Unanihurumia?"

Sikujibu. Akaweka raketi juu ya magunia, akaingia ndani.

Siku kumi na moja hakucheza. Tulirudi kwa zile za zamani. "Baba yako anasema ana kazi ya mizinga," Mwaitu alileta. Mizinga ya nyuki haina kazi ya siku kumi na moja. Mtoto akaniuliza nilimfanya nini Umau. Nikawa napiga mpira ukutani peke yangu, po, po, ile sauti ya Upper Hill, na nikaona kitu ambacho sikukipenda. Haikuwa heshima. Nilikuwa namlipa wale ng'ombe. Pointi kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumlipa, na kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Siku ya kumi na moja nikamfuata kwenye mizinga. Hakuwa akifanya chochote, alikuwa amekaa. Nikabaki nimesimama.

"Nau, ile kazi iliisha mwezi wa tatu. Siko likizo."

"Najua," akasema. "Mtu haji likizo na godoro."

Nyuki wakalia hapo juu. Nikasema neno juu ya ng'ombe, sikulimaliza. Akanikata.

"Mmoja alikuwa mgonjwa. Ningemuuza tu." Kisha akainuka, akajifuta vumbi kwenye suruali. "Kesho saa kumi na moja. Na usinipigie nje."

Nilimshinda michezo minne kwa mmoja. Ule wa mwisho, kwenye thelathini kwa arobaini na tano, nilipeleka mpira kwenye goti. Nilijua ninachofanya. Aliunyooshea mkono wote, mwili wote, na haukufika, na kwa sekunde hivi nilimwona vile ambavyo sikuwa nimewahi kumwona, mzee anayejaribu. Sitasema nilifurahi. Alirudi kwenye kiti akipumua kwa mdomo, akaandika, akachora nukta yake. Halafu akaniuliza, bila kuinua macho, kama ile kampuni ilinilipa malimbikizo yangu yote. Tukaongea mpaka giza. Mwaitu alikuja mara mbili kusikiliza kama tunagombana.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja. Tukapanda, tukapalilia, tukacheza kidogo katikati ya tope. Januari, ndengu zilipokauka, Mwaitu alikuja uwanjani asubuhi na mapema na kushusha wavu bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa anahitaji magunia yake. Akafagia jivu la mistari, akatandaza ndengu, akatugawia fimbo. Tulizipiga siku nne. "Susu, kunja goti!" mtoto akamwambia, na Mwaitu, ambaye amepiga ndengu miaka arobaini, akageuka na kumtazama mpaka akanyamaza. Lakini Nau alikuwa ameacha kupiga. Alikuwa anaangalia fimbo yake inavyopanda na kushuka, mahali palepale, haikosi.

"Huyo ndiye tulipaswa kumpa ile raketi ya nne," akaniambia.

Jioni ya mwisho, magunia yakiwa yamefungwa na kiwanja ni kitupu tena, Mwaitu aliichukua ukutani. Aliishika kama mwiko.

"Hiyo arobaini na tano yenu," akasema, "mtu akifika hapo, anafanya nini?"

Nau akavuta kiti karibu, akafungua ukurasa mpya, akaanza na kumi na tano.