Vidani vya Kioo cha Dirisha

Mwezi mmoja kabla ya mumewe kustaafu upolisi, mke wa sajenti mmoja mjini Jinja alianza kufungasha vyombo vya nyumba waliyokaa kwa miaka 19. Katika siku hizo mpira wa watoto wa jirani ulipiga dirisha la jikoni, kioo kikavunjika. Sajenti alinunua kingine kwa fedha zake mwenyewe, kwa kuwa nyumba ya serikali hurudishwa nzima kama ilivyopokelewa. Lakini vile vipande mkewe hakuvitupa. Alivifunga katika gazeti kuukuu, akaviweka chini ya kitanda.

Dirisha hilo ndilo alilochungulia kila mumewe alipochelewa kurudi kutoka lindo la usiku. Mabinti zake watatu walijifunza kusimama kwa kushika ukuta ulio chini yake. Akataka kila mmoja awe na kidani kilichotoka humo.

Binti wa kwanza alikwisha kumletea tanuri dogo la kuyeyushia kioo, lile liwekwalo ndani ya jiko la mikrowevu. Ni kitako na kifuniko vya kauri nyepesi iliyo kama sufi iliyoshindiliwa, na ndani ya kifuniko pamepakwa dawa nyeusi. Dawa hiyo hunywa mawimbi ya jiko hata ikawaka kama kaa, na joto la ndani hupita nyuzi 800 za Selsiasi kwa dakika chache tu. Askari wasomao ukurasa huu watapenda kujua kwamba jiko hilo ni ndugu wa rada. Magnetroni itoayo mawimbi yake ilitumika katika rada za Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa Marekani, alitambua kuwa yaweza kupikia.

Jiko alilotumia mama huyu lilikuwa kuukuu, wala halikupikiwa chakula tena tangu siku hiyo. Alilitoa barazani, kwani karatasi itandikwayo chini ya kioo hutoa moshi inapoungua, na vumbi la ile kauri halifai kuvutwa. Alijifunga kitambaa kizito puani, ingawa barakoa ya mafundi ingalifaa zaidi, akavaa na miwani ya kukingia macho.

Kidani cha kwanza alitaka kiwe na rangi, akaweka kipande cha chupa ya kijani juu ya kioo cha dirisha. Kilitoka kizuri, kinameta kama maji, na mabinti wakakigombania. Siku ya tatu kilikutwa mezani kimepasuka vipande viwili, na hakuna aliyekigusa. Sababu ni kwamba kila aina ya kioo hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa kipimo chake. Aina mbili zikiyeyushwa pamoja hushikana vyema zikiwa moto, kisha zikipoa huvutana, na mvutano huo waweza kungoja siku kadhaa kabla ya kuonekana.

Vipande vizuri vilivyobaki vilitosha vidani vitatu tu. Hapakuwa tena na cha kujaribia.

Safari hii alikata vipande vya dirisha lile lile, akavipandanisha viwili viwili. Kioo hicho kilikuwa cha milimita 3, na viwili hufanya 6, unene ambao kioo kilichoyeyuka hupenda kukaa nao. Kikiwa chembamba zaidi hujikunja kuelekea katikati. Aliviosha kwa sabuni, akavishika kingoni tu, kwani alama ya kidole huungua ikabaki. Katikati alipitisha kijikaratasi cha tanuri kilichoviringishwa, ili kikitolewa baadaye kiache tundu la kupitishia uzi.

Kidani cha kwanza hakikumpa taabu. Alipochungulia katika kitundu cha kifuniko aliona rangi ya chungwa na pembe zimekwisha kuviringana. Alivaa glavu nene, akalitoa tanuri na kuliweka juu ya tofali likiwa limefunikwa vile vile. Hapo ndipo penye kazi, wala si penye moto. Kioo kikipigwa na hewa ya baridi hupasuka, basi hungojwa dakika 40 au zaidi, mpaka tanuri liweze kushikwa kwa mkono mtupu.

Cha pili kilikuwa ndani ya jiko dakika ya nne umeme ulipokatika mtaa mzima. Sajenti alisogea na tochi.

"Mama watoto, si tutazame kidogo tu?"

"Kiache kilale, baba."

Sajenti, aliyezoea kuamuru, alikaa kitako kwenye kasha la vyombo. Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Kioo kilikutwa kizima, kimeshikana nusu, kikarudishwa motoni upya, kikatoka laini. Cha tatu kiliingia kiputo cha hewa na upande mmoja ukalala. Hicho kilichukuliwa na binti wa mwisho, akakataa kubadilishana na dada zake.

Siku ya kuhama alikuja ofisa wa kukagua nyumba. Alihesabu milango, akahesabu vioo vya madirisha kimoja kimoja, akakuta vyote vizima, akatia sahihi. Mabinti walikuwa wamesimama kando ya lori, kila mmoja na kidani chake shingoni, kingoni kikiwa na ukijani hafifu, kama kilivyo kioo cha dirisha kitazamwapo kwa ubavuni.