Safari ya Ikwiriri: Ndege, Manowari na Miguu ya Watu

Mtu aondokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, akaipita Mkuranga, kisha Bungu, kisha Kibiti, hufika Ikwiriri akiwa na nguvu zake zote. Haikuwa hivyo zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alikuwa hana budi kungoja kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa alingoja hata akasahau aendako. Leo mabasi ya Lindi na Mtwara huvuka mita 970 za daraja hilo bila ya abiria kuamka usingizini, na wengi hawajui kuwa wameuvuka Mto Rufiji.

Nilikwenda Ikwiriri wakati wa likizo kumtazama mama yangu, nikafuatana na mwanangu wa kiume aliye darasa la sita. Kijana huyu amezaliwa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, na tangu angali mdogo hana mazungumzo mengine ila ndege. Huzitambua kwa mlio tu, naye amelala kitandani. Siku ya pili alikuwa amekwisha nuna. Alikaa chini ya mwembe wa bibi yake akitazama mbingu tupu, akaniuliza kwa nini huku hakuna hata ndege moja.

Nikamwambia kwamba mwaka 1914, wakati watu wengi wa nchi hii hawajapata kuona hata motokaa, ndege zilikuwa zikiruka juu ya mikoko ya Rufiji. Hakuniamini. Basi asubuhi yake tulitoka kwa miguu kuelekea daraja la mto, nami nikamweleza habari hii njiani.

Mnamo Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Mtambo wake wa mvuke ukaharibika baada ya hapo, ikaingia kujificha katika midomo ya Rufiji. Wenyeji waliiita “Manowari na bomba tatu” kwa sababu ya dohani zake. Mahali pa kujificha palikuwa pazuri mno. Mto huu, kabla ya kufika baharini, hugawanyika mikono mingi, Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na mingineyo, nayo yote imezungukwa na msitu wa mikoko ambao hauna mwenzake katika mwambao wetu. Chombo kikiingia humo hakionekani tena kutoka baharini.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji haba. Ndipo walipofikiria ndege. Walimkodi rubani wa kiraia aitwaye Cutler, aliyekuwa Durban na ndege yake ya kutua majini. Mara ya kwanza aliporuka alipotea, akatua kwenye kisiwa kidogo cha Okuza. Rejeta yake ilipoharibika, ikatafutwa ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa, ikafungwa. (Mafundi wetu wa Gerezani wangelisoma hilo wangetabasamu, maana hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku.) Kwa rejeta hiyo ya motokaa Cutler aliruka tena mnamo Novemba, akaiona Königsberg. Mwezi wa Desemba ndege yake ilianguka mtoni, akakamatwa na Wajerumani.

Waingereza walipokwisha kukiteka kisiwa cha Mafia, Januari 1915, walileta ndege nyingine. Zile za kwanza za Sopwith ziliwaaibisha. Gundi iliyoshika mbao zake iliyeyuka kwa joto, na ndege zenyewe zilishindwa kupanda juu. Hapo mwanangu alinikatiza maneno.

“Baba, hewa ya moto ni nyepesi. Bawa halipati cha kushika. Na injini nayo inakosa pumzi.”

Nilinyamaza nikamwacha anifundishe. Kwa muda wa nusu saa nzima mimi nilikuwa mwanafunzi, na barabara haikuonekana ndefu.

Mnamo Juni 1915 ndege zenye magurudumu zilifika Mafia, na kiwanja kikafyekwa kwa ajili yake. Mwezi huohuo ziliwasili manowari mbili za aina ya pekee, pana na za kina kifupi, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilikokotwa kutoka Malta kupitia Suez hadi huku. Majina yake yalikuwa Severn na Mersey, nayo ni majina ya mito ya Uingereza. Hivyo mito miwili ya Uingereza ilikuja kupigana ndani ya mto wetu.

Tarehe 6 Julai ziliingia kwa mdomo wa Kikunja zikapiga makombora zaidi ya 600 kwa siku moja. Wapigaji hawakuiona manowari waliyokuwa wakiipiga, maana ilikuwa mbali kiasi cha kilomita kumi, nyuma ya mikoko. Aliyeiona ni mtu wa ndegeni, ambaye alipeleka habari kwa simu ya upepo: kombora limepita, limepungua, limekwenda kushoto. Siku hiyo hawakufaulu. Tarehe 11 wakarudi. Rubani Cull na mtazamaji wake Arnold walikuwa juu, na makombora yakaanza kulenga sawasawa, ndipo ndege yao nayo ikapigwa. Wakati ndege inashuka bila injini, Arnold aliendelea kupeleka masahihisho yake mpaka walipoangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa. Königsberg ikawaka moto, na kapteni wake, Looff, akaamuru izamishwe.

Mwanangu alisimama katikati ya njia. “Aliendelea kupeleka habari huku wanaanguka?” Nikasema ndiyo. Akatembea kitambo kirefu bila neno.

Karibu na daraja tulipumzika kwenye kivuli cha mkorosho, ambapo mzee mmoja alikuwa akisuka mgono wa kuvulia samaki. Tukamwamkia, akaitikia, akatuuliza tulikotoka na ukoo wetu, kama ilivyo ada. Kijana akashindwa kujizuia, akamweleza habari yote ya ndege. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Hayo ya juu siyajui, mjukuu wangu,” akasema. “Sisi tulihadithiwa ya chini. Babu yetu alichukuliwa kwenda kuvuta chuma.”

Chuma chenyewe kilikuwa cha namna mbili. Kwanza, manowari ilipokuwa bado mafichoni, vipande vya mtambo wake vilivyoharibika vilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa katika karakana, kisha vikarudishwa Rufiji, na vyote viwili, kwenda na kurudi, vilikuwa kwa nguvu za watu, kwa kuwa reli haikuwako. Pili, baada ya manowari kuzama, Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi majini, ambayo kila mmoja una uzito wa zaidi ya tani moja, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu muda mrefu baadaye. Mmoja wao upo hadi leo Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu. Mwingine uko Pretoria. Msomaji aliyepata kuuona ule wa Mombasa na ajaribu kuufikiria ukipita kwenye mchanga wa Mkuranga, umefungwa kamba, na kamba zi mabegani mwa watu.

“Alirudi?” mwanangu akauliza.

“Alirudi. Nduguye hakurudi. Yeye alichukuliwa na wale wengine, Waingereza, mwaka wa pili wake.”

Maana Waingereza nao walipofika Rufiji mwanzoni mwa 1917, mvua ilikuwa kubwa na mto ukafurika, na mizigo ikabebwa vichwani ndani ya maji. Hesabu ya serikali yao wenyewe ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Sisi wa Dar es Salaam tunanunua nyanya kila siku mahali palipopata jina kutokana na kikosi chao, maana Kariakoo ni “Carrier Corps” iliyotamkwa na vinywa vyetu. Chini ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawataja pia wapagazi, ingawa bila jina la mtu. Mwindaji Selous, aliyeuawa Beho Beho mnamo Januari 4, 1917, ana kaburi lenye jina lake. Cull na Arnold wamo vitabuni. Nilimwuliza mzee jina la yule ndugu aliyepotea. Alifikiri sana, mgono umetulia mapajani. Akasema bibi yao alikuwa akilijua.

Tulikwenda hadi katikati ya daraja. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya udongo, mitumbwi miwili ikishuka polepole kuelekea huko delta. Kwenye bonde madungu ya walinzi wa mpunga yalikuwa yamesimama kwa miguu yake mirefu. Mengi ni mapya, kwa kuwa mafuriko ya 2024 yaliyachukua ya zamani pamoja na mashamba. Watu wamelima tena mlau, maji yalipopungua.

Siku ya kuondoka mama alitupa mchele, frasila moja kamili. Nilinyoosha mkono kuuchukua, kijana akakataa. Akauweka kichwani, akatoka nao kwenda stendi, na mahali pasipo mbali aliutua. Akaubeba tena, akautua tena. Mara ya tatu aliniuliza ni kilomita ngapi kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Nilipomtajia, aliuangalia mfuko ule pale chini, kisha akainama akaupandisha kichwani mwenyewe, kwa kuwa basi lilikuwa limekwisha piga honi.